Sura ya Nne: Umri Ndio Kipimo cha Kwanza

Pumzi 45 kwa dakika ni nyingi au ni za kawaida? Aliyesomea uuguzi hajibu swali hilo kabla hajauliza lake: ni za nani? Kwa mtoto mchanga wa wiki tatu ni za kawaida kabisa, kwa sababu kwake hatari huanza kuhesabiwa kwenye 60. Mtoto wa miezi sita naye bado yuko salama, maana mpaka wake ni 50. Lakini mtoto wa miaka miwili ameshavuka 40, na kama ana kikohozi, huyo anatibiwa nimonia siku hiyohiyo. Babu wa miaka 70 anayehema mara 45 kwa dakika hana muda wa kukaa kwenye foleni. Huyo anatafutiwa gari.

Hesabu ni ileile, watu wanne, maamuzi matatu. Ndiyo maana wanafunzi wa uuguzi nchini Tanzania hufundishwa ukuaji na maendeleo ya binadamu mapema kabisa, kabla hawajazoea kushika bomba la sindano. Wengi wao huliona somo hilo kama orodha ya kukariri: mchanga, mtoto, kijana, mtu mzima, mzee. Sura hii inadai kwamba somo hilo ndilo uti wa mgongo wa kazi nzima, na mahali pazuri pa kuliona likifanya kazi ni kijijini, mbali na hospitali kubwa.

Mlango mmoja kwa rika zote

Issuna ni kata ya wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Ni nchi kavu ya katikati ya Tanzania. Mvua huja msimu mmoja tu, kuelekea mwisho wa mwaka hadi Aprili, kisha jua na upepo vinashika zamu. Watu wanalima mtama, uwele na alizeti, wanafuga ng'ombe, mbuzi na kuku wa kienyeji. Wenyeji wengi ni Wanyaturu.

Katika hospitali kubwa ya mjini, kila umri una mlango wake: wodi ya watoto, wodi ya wazazi, kliniki ya presha na sukari, dirisha la wazee. Muuguzi anaweza kufanya kazi miaka 20 akiwaona watoto wachanga peke yao. Huduma ya kijijini haiko hivyo. Mfumo wetu, uliotiliwa mkazo na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, unataka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na juu yake hospitali ya wilaya na ya rufaa ya mkoa. Kwenye ngazi hiyo ya chini, asubuhi moja tu, muuguzi yuleyule anaweza kumpima mjamzito, kuchanja mtoto, kumshauri msichana wa sekondari na kumsikiliza bibi anayelalamikia magoti. Rika zote zimeketi kwenye benchi moja, na kila anayesimama analazimisha muuguzi abadilishe vipimo kichwani.

Hata dawa inalazimisha. Dawa mseto ya malaria ina vidonge vya aina moja, lakini mtoto wa kilo 5 hadi 14 anameza kimoja kwa dozi, wa kilo 15 hadi 24 viwili, wa kilo 25 hadi 34 vitatu, na mwenye kilo 35 au zaidi vinne. Anayetoa dawa bila kumweka mgonjwa kwenye mzani amebahatisha.

Tanzania ina sababu ya kujivunia hapa. Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa kwa kuangalia umri na dalili zote kwa pamoja, ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1990, ulipimwa kwa kina kwetu. Watafiti walizilinganisha wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizoutumia, na Kilombero na Ulanga, ambazo zilikuwa hazijaanza. Ndani ya miaka miwili, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kule ulikotumika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Haikuwa dawa mpya wala mashine. Wahudumu walifundishwa kuuliza umri, kuhesabu pumzi na kufuata hatua kwa mpangilio.

Dakika ya kwanza

Hakuna umri wenye haraka kama dakika ya kwanza ya maisha. Mtoto anayezaliwa bila kuhema ana nafasi finyu sana: kukaushwa, kusuguliwa mgongo, kusafishwa njia ya hewa, na akikataa bado, kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa. Wakunga wanaiita dakika ya dhahabu.

Mwaka 2009 hospitali nane za Tanzania zilianza kufundisha wakunga stadi hizo kwa kutumia mwanasesere. Mojawapo ya hospitali zilizoongoza utafiti wa jambo hili ni Haydom, iliyoko wilaya ya Mbulu na ambayo hupokea wagonjwa wengi kutoka mkoa jirani wa Singida. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47 katika hospitali hizo nane, na watoto waliofia tumboni muda mfupi kabla ya kuzaliwa walipungua kwa asilimia 24.

Lakini Haydom ilifundisha pia jambo la pili, ambalo wakubwa wa mafunzo hawapendi kulisikia. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafanye vizuri mbele ya mwanasesere, huku kazi yao mbele ya mtoto halisi ikibaki karibu vilevile. Mabadiliko yalikuja pale mazoezi yalipokuwa mafupi, ya mara kwa mara, humohumo wodini. Dakika moja haikupi muda wa kukumbuka ulichosoma mwaka jana. Mikono lazima iwe imezoea.

Kitaifa, hapa ndipo mwendo wetu umekuwa wa kobe. Utafiti wa hali ya afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 mwaka 2015/16. Vifo vya watoto wachanga katika siku 28 za mwanzo vilitoka 25 na kufika 24 tu. Maana yake tumejua kumwokoa mtoto anayetambaa, lakini aliyezaliwa juzi bado anatuponyoka. Na mengi ya kumwokoa hayahitaji umeme: kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza, kutompaka kitu kitovuni, na kwa njiti, kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu vitanda vya joto havikutosha. Mahali ambapo mama na bibi wamebeba watoto maisha yao yote, muuguzi ana kazi ndogo tu ya kuhamisha mzigo kutoka mgongoni kuja kifuani.

Siku elfu moja za mwanzo na kadi moja

Kadi ya kliniki ndiyo hati ya kwanza ya raia wengi wa nchi hii. Inabeba chanjo: ya kifua kikuu na ya matone ya polio mara anapozaliwa, za wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Inabeba pia mchoro wa uzito, na huo mchoro ndio unaopuuzwa. Mama anaondoka akiwa ameambiwa "kilo nane", basi. Kilo nane hazina maana peke yake. Kwa mtoto wa miezi saba ni furaha, kwa wa miezi ishirini ni kengele ya hatari. Kinachosoma afya ni mwelekeo wa mstari: unapanda, umelala, au unashuka.

Tanzania ilitoa somo kubwa kuhusu mzani. Kuanzia mwaka 1983, katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, watoto walipimwa na wanakijiji wenyewe, na matokeo yakajadiliwa kwenye serikali ya kijiji: mtoto wa nani ameshuka, kwa nini, nani anabaki naye nyumbani mama anapokwenda shamba, analishwa mara ngapi kwa siku? Utapiamlo mkali ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya 2 katika miaka michache. Mzani haukumlisha mtoto yeyote. Mjadala baada ya mzani ndio uliowalisha. Mawazo yaliyokomaa Iringa yaliingia katika mfumo wa kuchambua sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990 na unaotumika dunia nzima mpaka leo.

Udumavu umepungua nchini kutoka watoto 50 kati ya 100 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 30 mwaka 2022. Hao 30 hawaonekani kwa urahisi, kwa sababu mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, na amelingana na wenzake waliodumaa. Wasioona mbali wanamwita "mfupi kama babu yake". Na anapokonda kabisa, maelezo ya mtaani yapo tayari: amebemendwa. Wazazi, inasemekana, wamerudiana kabla mtoto hajaacha ziwa. Muuguzi anayecheka imani hiyo anampoteza mama, ambaye amekuja tayari amebeba aibu. Muuguzi mwenye busara anaona ndani yake punje ya kweli: mimba zinazofuatana upesi humnyang'anya mtoto ziwa na uangalizi. Kutoka hapo anaweza kuzungumzia uzazi wa mpango, kunyonyesha hadi miaka miwili, na uji ulioongezwa karanga, maziwa au yai, badala ya ugali wa uwele na mlenda peke yake.

Mtoto hakui mwili tu, na Afrika Mashariki imechangia maarifa hayo kuliko inavyotajwa darasani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala na kuanza kutembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani, akiangalia jinsi watoto wachanga wanavyomtumia mama kama kituo cha kuondokea na kurejea. Kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu watoto wa Uganda ni moja ya misingi ya nadharia ya mfungamano wa mtoto na mlezi. Miaka ya 1970 Charles Super alikaa na Wakipsigis wa Kenya, akakuta watoto wao wanakaa na kutembea kama mwezi mmoja mapema kuliko Wamarekani, ila kutambaa hawakuwatangulia. Sababu ilikuwa wazi: mama waliwafundisha kukaa na kutembea kwa makusudi, kutambaa hawakukuhimiza. Kwa hiyo muuguzi wa Issuna anapouliza kama mtoto anasimama dede, aulize pia analelewaje. Mtoto anayeshinda mgongoni mwa dada yake wa miaka minane ana ratiba yake.

Rika lisilokuja zahanati

Baada ya miaka mitano kadi inawekwa kabatini, na mtoto anatoweka machoni pa huduma mpaka augue au apate mimba. Balehe ndiyo rika linaloonekana zima kuliko yote, na ndiyo linalokosa mlango. Msichana wa miaka 15 hawezi kuketi foleni ya wajawazito kuuliza habari za hedhi huku jirani ya mama yake akimtazama.

Vitabu vya uuguzi hutegemea hatua nane za Erik Erikson, alizozieleza mwaka 1950: ujana ni wakati wa kujitafuta, na utu uzima wa mwanzo ni wakati wa kujenga ukaribu na mwenzi. Ni ramani nzuri, lakini ilichorwa kwa maisha ambayo mtu humaliza hatua moja ndipo aingie nyingine. Binti wa miaka 17 mwenye mtoto mgongoni yuko katika hatua kadhaa kwa mpigo. Mwaka 2022, asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshazaa au wana mimba. Muuguzi anayemwona "mama" tu anasahau kwamba mwili wake mwenyewe bado unakua na unagombania madini ya chuma na mtoto aliye tumboni. Tangu Novemba 2021 binti huyo ana ruhusa ya kurudi shule, na anayepaswa kumkumbusha hilo ni yule anayemwona kila mwezi kliniki.

Singida pia ni miongoni mwa mikoa ambayo ukeketaji umekuwa mkubwa zaidi nchini. Kitaifa umeshuka kutoka asilimia 18 ya wanawake mwaka 1996 hadi 8 mwaka 2022, na sheria ya mwaka 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18. Lakini katika mikoa ya kati kisu kilihama kutoka kwa wasichana wa balehe kwenda kwa watoto wachanga, mahali ambapo hakuna ngoma wala mwalimu wa kuuliza mwanafunzi alikuwa wapi. Kisingizio kikubwa ni lawalawa, maambukizi ya sehemu za siri ambayo familia ziliambiwa tiba yake ni kukata. Tiba yake ni usafi na dawa ya zahanati. Anayeletewa mtoto wa kike kila mwezi na mama yake ni muuguzi, na huo ndio wakati wa kusema, kabla ya bibi kusema.

Na hapa ndipo umri mmoja unapolipa deni la mwingine. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sindano anayochomwa binti wa darasa la nne inamlinda mwanamke wa miaka 45. Aliyekosa bahati hiyo anategemea uchunguzi kwa siki, unaotumia dakika chache, ambao wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanahimizwa kuufanya hata kama hawaumwi popote.

Watu wazima na wanaume wasioonekana

Mtu mzima anadhaniwa amemaliza kukua, kwa hiyo hapimwi. Mwanamke angalau anapitia kliniki ya ujauzito: anapimwa presha, damu na VVU, anapewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Hapo pia utoto wake unajitokeza. Msichana aliyedumaa huwa mwanamke mfupi mwenye nyonga nyembamba, na uchungu wake una hatari zaidi ya kukwama. Ndiyo maana kimo kinapimwa hudhurio la kwanza, na ndiyo maana kila familia inapaswa kuijua namba 115 ya m-mama, inayoita usafiri wa dharura kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga.

Mwanamume hana kliniki. Presha yake inagunduliwa siku aliyopooza. Katika wilaya ya Ikungi kuna uchimbaji wa dhahabu, maeneo ya Mang'onyi yakijulikana zaidi, na vumbi la mwamba huharibu mapafu na kufungua njia ya kifua kikuu. Kijana wa miaka 28 anayekohoa wiki mbili hahitaji dawa ya kikohozi, anahitaji kupimwa makohozi. Kumpata kunataka muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii amfuate alipo: machimboni, mnadani, au amkamate pale anapomsindikiza mkewe.

"Ni uzee tu"

Sentensi hatari kuliko zote kwenye benchi ni hiyo. Bibi hali, ni uzee. Babu ameanza kuchanganya majina ya wajukuu tangu juzi, ni uzee. Wenye kujua wanafahamu kwamba mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa wala kikohozi kikali, na dalili pekee ikawa kuchanganyikiwa ghafla. Ghafla ndilo neno la kushika. Uzee hauji juzi.

Tanzania ya kati inaufundisha uzee kwa njia ya pekee kupitia vikope, yaani trakoma. Ugonjwa huu huanzia utotoni, kwenye nyuso zenye tongotongo na nzi mahali maji yalipo mbali. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu ndani, miaka inapita, kisha nywele za kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka litie giza. Wanawake huumia zaidi kwa sababu ndio wanaolea watoto, hivyo huambukizwa tena wakiwa watu wazima. Utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kuosha nyuso za watoto, pamoja na kuwapa dawa, hupunguza vikope vikali. Kikombe cha maji usoni mwa mtoto wa miaka mitatu ni matibabu ya macho ya bibi wa miaka 65. Na macho mekundu ya bibi si suala la kitabibu pekee: katika mikoa ya Kanda ya Ziwa yamewagharimu uhai wanawake wengi waliotuhumiwa uchawi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na zaidi, na inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi, na tangu Aprili 2016 hulipa pensheni jamii kila mwenye miaka 70. Lakini kibandiko cha "Wazee Kwanza" ukutani hakimfikishi zahanati bibi asiyeweza kutembea kilomita saba. Yeye anahitaji kutembelewa, dawa zake zote zimwagwe mezani zikaguliwe, aulizwe anakula nini na anaishi na nani. Mara nyingi jibu ni wajukuu watatu, na ghafla muuguzi amerudi kwenye kadi za kliniki.

Hukumu

Hakuna umri unaojitegemea. Udumavu wa mtoto ni uzazi mgumu wa kesho, uso usiooshwa ni upofu wa miaka 50 ijayo, chanjo ya darasani ni saratani isiyotokea. Muuguzi wa kijijini, kwa sababu anawaona wote, ndiye mtaalamu pekee anayeweza kuiona minyororo hiyo ikiungana ndani ya nyumba moja. Tunamlipa na kumsimamia kana kwamba anagawa panadoli. Akipangiwa kituo, aachwe akae muda wa kutosha azijue kaya, na mazoezi ya kazi yamfuate hukohuko.

Nawe msomaji una sehemu yako. Tunza kadi ya kliniki hata mtoto akifika darasa la saba. Taja umri kamili, kwa miezi kama ni mtoto. Dai mgonjwa apimwe uzito kabla ya kupewa dawa. Mpeleke baba akapimwe presha akiwa mzima. Na mtu yeyote akikuambia kuhusu mgonjwa wako "ni utoto tu" au "ni uzee tu", mwambie arudie kumpima.